Ukibadili sproketi za pikipiki, usiiamini tena spidomita

WIKI chache zilizopita kijana mmoja wa hapa kwetu Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, alinisimamisha nikitoka darasani. Kazi yake ni kupandisha madumu ya mawese kwa pikipiki hadi Mabanda, na siku nyingine kuyafikisha Mugina, mpakani na Tanzania. Mkononi alikuwa na sproketi mpya aliyoifunga kwenye gazeti.

"Mwalimu, nimeambiwa ulipokuwa Malawi ulikuwa unajua hesabu za cheni," alisema. "Huu mlima unanitesa. Nipunguze jino moja mbele, au niongeze nyuma?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwuliza kwanza: "Spidomita yako inasoma kutoka wapi?" Akacheka, akidhani sijamwelewa. Nilikuwa nimemwelewa vizuri. Nilimwuliza hivyo kwa sababu ya jambo lililotokea Dzaleka mwaka 2015, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa na sehemu yangu ndani yake. Naliandika leo kwa ajili ya wenzangu tuliorejea nyumbani na wafanyabiashara wa mipakani ambao riziki yao inategemea magurudumu mawili.

Gereji iliyokuwa darasa

Mimi ni mtoto wa ukimbizini. Shule ya msingi niliimalizia kambini mkoani Kigoma, sekondari nikaipatia Malawi. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza, na tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi. Warundi, Wanyarwanda na Wakongo tumeishi hapo pamoja, na Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sokoni, kanisani na gerejini. Nilikuja kuwa mwalimu wa hisabati humo humo.

Karibu na nyumba yangu palikuwa na gereji ya fundi mmoja Mkongo, mtu mzima kutoka Fizi, ambaye sote tulimwita Mzee. Wateja wake walikuwa vijana wa kabaza. Hilo ndilo jina la Malawi kwa wanaobeba abiria: zamani kwa baiskeli, siku hizi kwa pikipiki pia. Wenyeji wa Dowa nao walimletea zao, na wao waliniita "aphunzitsi", yaani mwalimu.

Siku moja wanafunzi wangu walinishinda kabisa kwenye somo la uwiano. Nikawachukua kumi hivi hadi gerejini. Mzee aliinua pikipiki kwenye stendi, akaomba chaki yangu, akatia alama jino moja la sproketi ya mbele na jingine la sproketi ya nyuma. Akaanza kuzungusha gurudumu taratibu, watoto wakahesabu kwa sauti. Ya nyuma ilipomaliza mzunguko mmoja, ya mbele ilikuwa imemaliza mitatu.

Mbele meno 14, nyuma meno 42. Gawanya 42 kwa 14, unapata 3. Hakuna mtoto aliyelisahau somo lile.

Kisha Mzee akawauliza: "Nikiweka 13 mbele itakuwaje?" Wakapiga hesabu: 42 kwa 13 ni 3.23. "Na nikiacha 14 mbele, nikaweka 45 nyuma?" Ni 3.21. Yaani kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza meno matatu nyuma. Ndiyo maana vijana wengi hukimbilia sproketi ya mbele. Ni ndogo, ni ya bei nafuu, na mara nyingi cheni ile ile inatosha.

Hakuna cha bure

Lakini Mzee hakupenda kusikia mtu akisema kwamba amebadili sproketi ili kuongeza nguvu. Injini ni ile ile, alisema, na kinachobadilika ni namna ya kuitumia. Namba hiyo ikipanda kutoka 3 hadi 3.23, gurudumu linasukumwa kwa nguvu zaidi, takriban asilimia nane. Pikipiki inaondoka vizuri na mzigo, inapanda mlima bila kuunguza klachi, na unapoteremka injini inasaidia breki. Hiyo ndiyo faida.

Hasara yake utakutana nayo tambarare. Kwa mwendo ule ule injini inalazimika kuzunguka zaidi kwa asilimia hizo hizo nane. Inapiga kelele, inatetemeka, inakula mafuta zaidi, na mwendo wake wa mwisho unashuka. Isitoshe, sproketi ndogo mno mbele inaikunja cheni kwa ukali zaidi, na cheni inakwisha mapema.

Ukienda upande wa pili, ukaweka 15 mbele, uwiano unakuwa 2.8. Injini inatulia kwenye lami na huenda ukaokoa mafuta. Nasema huenda, kwa sababu ukiwa na abiria wawili na gunia la mahindi injini itazidiwa, utashusha gia, na ule utulivu wote utakwisha. Sisi tuliojua foleni za petroli za Malawi na za Burundi tunaelewa kwa nini kijana hushawishika kuweka sproketi ya "kubana mafuta". Lakini ajiulize kwanza kama barabara yake ni ya lami tupu au ni ya vilima.

Vijana wa Dzaleka waliokuwa wakienda Dowa na mzigo walitaka namba kubwa. Waliokuwa wakikimbia barabara kuu ya kwenda Lilongwe walitaka ndogo. Kila mmoja alikuwa na haki kwa barabara yake.

Honda ya cc 600

Mwaka 2015 kijana mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu alipata bahati. Mgeni mmoja aliyekuwa anaondoka Lilongwe aliuza kwa bei ya chini pikipiki ya mbio, Honda ya cc 600. Kijana na binamu yake walichanga akiba yote waliyokuwa nayo. Walitaka kuiuza tena kwa faida, ili wapate nauli ya kurudi nyumbani na mtaji wa kuanzia. Nauli hiyo si ndogo: Lilongwe hadi Karonga, kuvuka Songwe, Mbeya, Sumbawanga, Mpanda, Kigoma, ndipo ufike Manyovu na kuvuka Mugina.

Aliikaa nayo miezi mitatu akitafuta mnunuzi. Kila aliyeijaribu mjini alilalamika: inaondoka kama risasi, lakini barabara kuu inalia mno. Tukaihesabu meno. Mbele 15, nyuma 45. Kumbe mwenyewe wa kwanza alikuwa ametumia kanuni wanayoipenda sana waendesha pikipiki za mbio duniani kote: punguza moja mbele, ongeza mawili nyuma. Ya kiwandani ilikuwa 16 na 43.

Nilichukua kijiti nikaandika chini. 45 kwa 15 ni 3. 43 kwa 16 ni 2.69. Tofauti ni karibu asilimia 12. Mahali ambapo injini ya kiwandani ingezunguka mara 5,000 kwa dakika, hii ilizunguka karibu 5,600. "Irudishe ilivyokuwa," nilimwambia. "Itatulia, na utaiuza."

Kupata vifaa ilikuwa kazi nyingine. Tulikwenda Lilongwe, tukazunguka soko la Tsoka na maduka ya vipuri. Duka moja lilituuzia sproketi ambayo haikuendana na cheni, na Mzee ndiye aliyeligundua kosa. Tangu siku hiyo nilijifunza kusoma namba inayopigwa ubavuni mwa pingili. Pikipiki ndogo nyingi za biashara hutumia cheni ya 428, na kubwa hutumia 520, 525 au 530. Tarakimu ya kwanza inaonyesha umbali kati ya pini na pini, mbili zinazofuata zinaonyesha upana. Kwa hiyo 520 na 530 zina hatua moja lakini upana tofauti. Cheni pana itakaa kwenye sproketi nyembamba, lakini itayumba. Cheni nyembamba haitaingia kabisa kwenye sproketi nene.

Hatimaye tukapata seti kamili. Mzee alifunga sproketi zote mbili pamoja na cheni mpya, kwani cheni mpya juu ya meno yaliyochakaa huliwa upesi. Pikipiki ikawa tulivu kama gari. Mnunuzi wa Lilongwe akakubali bei kwa simu, akasema iletwe kesho yake asubuhi.

Kona ile ile, namba ile ile

Haikufika. Kwenye kona moja kabla ya kuikuta barabara kuu, kijana alitoka nje ya lami. Alivunjika mfupa wa bega. Tanki, taa na uma wa mbele viliharibika, na bima haikuwapo. Pikipiki iliuzwa vipande vipande, na fedha iliyopatikana haikufikia hata nusu ya ile waliyonunulia.

Nilipomtembelea hospitalini alinieleza neno ambalo sijalisahau. "Mwalimu, sikukimbia. Ile kona huwa naingia na 90. Na jana niliingia na 90."

Nilirudi nyumbani nikakaa na karatasi. Ndipo nilipoliona kosa langu.

Pikipiki ndogo za biashara kwa kawaida huchukua kipimo cha mwendo kwenye gurudumu la mbele, kwa waya. Ukibadili sproketi, spidomita haijali. Lakini pikipiki nyingi za mbio za miaka ile zilipima kwenye giaboksi, kabla ya cheni. Spidomita ya namna hiyo haijui kilichotokea kwenye sproketi. Inahesabu kana kwamba meno ni yale ya kiwandani.

Kwa miezi mitatu alipokuwa na 15 na 45, spidomita ilimdanganya kwa kuzidisha. Iliposema 90, mwendo wa kweli ulikuwa karibu 80. Mwili wake ulizoea kona ile kwa 80, jicho lake likakariri 90. Tuliporudisha meno ya kiwandani, spidomita ilianza kusema kweli. Aliingia na 90 ambayo sasa ilikuwa 90.

Kilomita 10 zinaonekana ni kidogo. Lakini nguvu inayohitajika ili gurudumu lishike kona inakua kwa mraba wa mwendo. Ukilinganisha 90 na 80 unapata ongezeko la robo nzima na zaidi kidogo. Tena, kwa uwiano mpya, alipoachia mafuta injini haikumshika kama alivyozoea.

Hesabu yangu ya meno ilikuwa sahihi. Nilichosahau ni mtu aliyekuwa juu ya kiti. Alichelewa kurudi nyumbani miaka miwili.

Mambo ya kuangalia

Basi, ndugu yangu unayetaka kubadili sproketi, chukua haya kutoka kwa mtu aliyeyalipia.

Hesabu meno kwanza, yote, mbele na nyuma, ujue ulipo kabla ya kwenda. Badili kidogo kidogo: jino moja mbele, au mawili matatu nyuma, kisha ijaribu bila mzigo. Ukiongeza meno nyuma, huenda cheni ikawa fupi, na usiilazimishe. Acha ulegevu wa sentimita mbili hadi tatu katikati ya cheni, au kama kitabu cha pikipiki yako kinavyosema, na uipime mahali inapokaza zaidi. Klipu ya kuungia, upande wake uliozibwa uelekee cheni inakokwenda.

Uliza spidomita inasoma kutoka wapi. Kama ni giaboksi, andika kwenye karatasi namba ya kweli kwa kila namba unayoiona, uibandike mbele yako. Na wiki ya kwanza iendeshe kana kwamba umeiazima kwa mtu.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na biashara nyingi za wenzetu Lilongwe zikafungwa. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisharejea. Mzee bado yuko kambini, na tunasalimiana kwa simu. Yule kijana naye alirudi. Yuko huku kwetu, ana pikipiki ndogo ya mizigo, na bega lake humwuma msimu wa mvua.

Kijana wa mawese aliangalia chini ya spidomita yake, akaukuta waya unashuka hadi gurudumu la mbele. Nikamwambia aweke 13, kwa kuwa njia yake ni mlima tupu na mzigo ni mzito, ila akumbuke kwamba akipata safari ya lami ya kando ya ziwa kwenda Rumonge atalia na petroli.

"Na kona, mwalimu?" aliuliza.

Nilimwambia kona aziendee upya zote, moja moja, kama mgeni.