Chuma Kikavu na Chuma Chenye Mafuta

Je, wajua kwamba ile mashine ndogo inayojizungusha papo hapo ilipo, ikizoa kifusi kwenye vichochoro ambako katapila haliingii, ilizaliwa kwa sababu ya kinyesi cha bata mzinga? Mwaka 1956 mfugaji mmoja wa Minnesota, Marekani, alikuwa na banda la ghorofa. Juu kumejaa kinyesi, nguzo zimesimama kila upande, na trekta lolote lenye nguvu ya kuzoa uchafu ule lingeivunja sakafu. Akawaendea wahunzi wawili, Cyril na Louis Keller, ndugu wa tumbo moja waliokuwa na karakana katika mji mdogo wa Rothsay. Wakamuundia kitu chepesi chenye magurudumu matatu: mawili makubwa ya kusukuma na moja dogo nyuma linalojigeukia lenyewe. Februari 1957 kilikuwa bandani, kazini.

Kampuni ya Melroe ya North Dakota ililichukua wazo hilo, na mwaka 1958 ikaipeleka mashine kwenye maonyesho ya jimbo la Minnesota. Mwaka 1960 gurudumu dogo la nyuma likaondolewa, yakafungwa mawili yanayosukuma kama ya mbele. Mashine hii haina usukani wa kukunja magurudumu. Ikitaka kwenda kushoto, magurudumu ya kushoto hupunguzwa kasi au kurudishwa nyuma huku ya kulia yakisonga, na matairi yakaburuzika ardhini. Ndiyo maana matairi yake huisha upesi. Mwaka 1962 ikapewa jina la Bobcat, paka mwitu wa Amerika Kaskazini, na leo kwenye saiti nyingi kila mashine ya aina hii ni Bobcat, hata iwe imetengenezwa na Caterpillar, Case au JCB. Nami nitaiita hivyo.

Mashine yenyewe tuiache hapo, maana kinachonivutia ni kile kinachofungwa mbele yake. Bobcat isiyo na zana ni injini tu inayotembea. Ikifungwa ndoo inachota mchanga, ikifungwa uma inapakua mapaleti ya saruji, ikifungwa kekee inachimba mashimo ya nguzo, ikifungwa jekihama inavunja zege. Kuna fagio la barabara, mnyororo wa kuchimbia mitaro, mkono wa kukamatia magogo, na mtambo wa kukwangua lami. Mwenye Bobcat moja na zana sita ana mashine sita, lakini zana hizo sita zikinunuliwa mpya zinaweza kula fedha ambazo zingetosha kununua Bobcat nyingine kuukuu. Hapo ndipo watu huanza kutazama minada.

Mnada wa zana hizi usingewezekana bila kipande kimoja cha chuma: bamba la mbele ya mikono ya mashine, lenye upana wa zaidi kidogo ya mita moja. Dereva huliinamisha mbele, akaingiza ukingo wake wa juu chini ya mdomo wa chuma ulio mgongoni mwa zana, kisha akanyanyua na kulirudisha nyuma. Zana hujikalia bambani kwa uzito wake yenyewe. Zinabaki nyenzo mbili za kukazia, moja kila upande. Zikisukumwa chini, pini mbili zenye ncha ya kabari hushuka na kupenya matundu mawili yaliyo sehemu ya chini ya zana. Zikikaza, kazi imekwisha, na haijachukua hata muda wa kunywa chai. Melroe ndiyo iliyoingiza mfumo huu sokoni miaka ya 1970 ilipoanza. Watengenezaji wengine wakafuata, na mwaka 2005 vipimo vyake vikaandikwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 24410. Kwa hiyo ndoo iliyotengenezwa na kampuni moja hukaa kwenye mashine ya kampuni nyingine bila kuchomelewa wala kutobolewa.

Kampuni ya minada inayojulikana zaidi kwa mitambo ni Ritchie Bros, iliyoanzia Kanada. Nayo ni kazi ya ndugu, safari hii watatu, ambao mwaka 1958 walipiga mnada bidhaa zilizozidi katika duka la samani la familia yao huko Kelowna ili walipe deni la benki. Mwaka 1963 wakafanya mnada wao mkubwa wa kwanza wa mitambo, kwa masharti yaliyowapa jina: hakuna bei ya chini iliyofichwa, na mwenye mali haruhusiwi kuipandishia dau mali yake. Dau la juu ndilo linaloondoka na kitu, hata likiwa dogo kiasi cha kumliza muuzaji. Kila Februari, huko Florida karibu na Orlando, kampuni hii huendesha moja ya minada mikubwa kabisa ya mitambo duniani. Zana za Bobcat huwa zimelazwa kwenye safu zao, kila moja ina namba, hakuna hata moja iliyofungwa kwenye mashine.

Kwa nini huuzwa kwa bei ya kutupa? Kwanza, waliofunga safari wamefuata vijiko, magreda na malori. Zana ni mambo ya pembeni. Pili, muuzaji mara nyingi ni kampuni ya kukodisha inayobadilisha vifaa, au mkandarasi anayefunga ofisi. Mashine ikishauzwa, zana zilizobaki kwake ni mzigo unaokula nafasi ya yadi. Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mashine ina mita ya saa inayosema imefanya kazi kiasi gani, lakini zana nyingi hazina mita yoyote. Kekee iliyochimba mashimo kumi na ile iliyochimba elfu kumi zinaweza kulala bega kwa bega, zikiwa na rangi ileile.

Mwanauchumi George Akerlof aliandika kuhusu hali hii mwaka 1970, akitumia mfano wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobel. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha kizima na kimeo hulipa bei ya kimeo kwa vyote. Kwenye safu za zana, hii ina maana kwamba punguzo unaloliona ni bei ya kutojua. Anayejua analitia mfukoni. Asiyejua anauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe analilipia ushuru.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza kama zana ina mafuta ndani yake. Ndoo, uma na koleo la kusukumia udongo lisilojigeuza ni chuma kikavu. Havina mota, havina mipira ya mafuta, havina sili. Historia yake yote imeandikwa juu ya ngozi yake, na yeyote mwenye macho anaisoma. Kwenye ndoo, tazama makali ya mbele: yakiwa ya kufungwa kwa bolti, hubadilishwa, yakiwa yamechomelewa na yamelika hadi kufikia sakafu ya ndoo, hapo kuna kazi ya kukata na kuchomelea upya. Pitisha kidole kwenye maungio ya pembeni kutafuta ufa. Kisha igeuze, au ulale chini uitazame mgongoni, mahali ambapo wanunuzi wengi hawafiki. Yale matundu mawili ya pini yanatakiwa kuwa na kingo kali. Yakiwa yamepanuka na kupoteza umbo, zana imechezacheza bambani miaka mingi, na itaendelea kuchezacheza kwenye mashine yako. Mdomo wa juu ukiwa umepinda, haitakaa sawasawa kamwe. Kutu ya juu juu isikutishe. Mimi rangi mpya iliyopulizwa juu ya mtambo mkuukuu hunitia shaka kuliko kutu, kwa sababu kutu haina la kuficha.

Zana zenye mafuta ni mambo mengine kabisa, na hapa ndipo bamba humponza mtu. Zana inakaa, nyenzo zinakaza, mnunuzi anafurahi, halafu inafanya kazi kwa uvivu au haifanyi kabisa. Kiwango cha ISO kimesawazisha chuma, mafuta hakikuyagusa. Nguvu inayofika kwenye mota ya zana hutokana na vitu viwili, shinikizo la mafuta na wingi wake kwa dakika. Zidisha bar kwa lita za dakika, gawanya kwa 600, unapata kilowati. Bobcat ya kawaida inayotoa lita 80 kwa dakika kwa shinikizo la bar 210 ina kilowati 28 za kugawa, kabla ya hasara za njiani. Yenye pampu ya mtiririko mkubwa, ikitoa lita 140 kwa shinikizo hilohilo, ina 49. Mtambo wa kukwangua lami au wa kusaga vichaka uliosanifiwa kwa 49 ukifungwa kwenye mashine ya 28 utazunguka polepole, utakwama kila dakika, na mafuta yatachemka. Upande wa pili ni mbaya zaidi: zana ndogo ikisukumiwa mafuta mengi kuliko saizi yake huzunguka kwa kasi ambayo mota yake haikuundiwa.

Halafu hesabu mipira. Zana nyingi zina miwili, wa kupeleka mafuta na wa kuyarudisha. Ukiona wa tatu, mwembamba kuliko hiyo miwili, usiupuuze. Ndani ya mota za aina fulani mafuta kidogo huvuja kwa makusudi ili kulainisha, na mpira huo huyarudisha kwenye tangi bila shinikizo. Mashine yako isipokuwa na tundu la kuupokea, mafuta hayo hujaa ndani ya gamba la mota mpaka sili ya shafti inafyatuka. Mpira mwembamba uliozibwa kwa plagi ni ushahidi kwamba kuna mtu amewahi kuiendesha zana hiyo bila kuuchomeka. Mimi ningeiacha hapo hapo ilipo.

Kuna pia nyaya. Mtambo unaojigeuza au kujiinamisha kwa vitufe huja na plagi ya umeme, nyingine ya pini 7, nyingine ya pini 14, na hazilingani kutoka kampuni hadi kampuni. Kwenye jekihama, shika patasi uitikise kwa nguvu. Ikicheza sana, bushi zimekwisha. Shinikizo la gesi ya naitrojeni iliyo ndani hutalipima kwa macho. Na usishangae viunganishi vya mipira vikigoma kuingia siku ya ukaguzi: zana iliyolala juani mafuta yake hupata moto, hutanuka, na shinikizo lake huzuia kiunganishi kisifunguke. Hiyo si hitilafu.

Uzito nao usisahaulike. Uwezo wa kunyanyua unaoandikwa kwenye Bobcat ya matairi ni nusu tu ya mzigo ambao ungeipindua mbele. Kwa ile inayotembea kwa minyororo badala ya matairi huwa kwa kawaida asilimia 35. Mtambo wa kukwangua lami unaweza kukaribia tani moja. Mashine yenye uwezo wa kilo 800 ikishaufunga, imeshapita kipimo chake kabla haijagusa barabara.

Tuseme umekagua na umeridhika. Kabla dalali hajaanza kupaza sauti, andika bei yako ya mwisho kwenye karatasi. Sababu ni hii: mwaka 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta ya Atlantic Richfield, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwa nini kampuni zilizoshinda zabuni za vitalu vya mafuta kwenye Ghuba ya Meksiko zilipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia. Kila mzabuni hukisia thamani. Wengine hukisia chini, wengine juu, na anayeshinda ni yule aliyekisia juu kuliko wote. Kushinda kwenyewe ni dalili kwamba huenda umezidisha. Na kadiri washindani wanavyoongezeka ndivyo dau la busara linavyopaswa kushuka, ingawa damu ikichemka mtu hufanya kinyume.

Bei ya kwenye karatasi haianzii kwenye dau. Anza na bei ya zana mpya ikiwa mlangoni kwako, kisha rudi nyuma: toa matengenezo, toa usafiri, toa kodi, toa ada ambayo mnada humtoza mnunuzi juu ya dau. Kilichobaki ndicho kikomo. Kwa Mmarekani mwenye lori, usafiri ni mafuta ya gari tu. Kwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anayenunua kwenye yadi ya Ritchie Bros iliyoko Jebel Ali, Dubai, usafiri unaweza kuizidi bei ya ndoo yenyewe. Tena forodha za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukadiria mzigo wa baharini kwa bei ukijumlisha bima na nauli, kwa hiyo kila kilo unayoisafirisha unailipia mara mbili. Upana wa ndani wa kontena ni kama mita 2.35. Ndoo ya mita 1.8 inaingia kwa kukingama, na watu hupunguza gharama kwa kuchangia kontena.

Ukiwa na nafasi ya kitu kimoja tu kwenye kontena la mwenzako, chukua uma za mapaleti. Hazina mafuta, hazichukui nafasi, na saiti ambayo haina mapaleti ya kupakua ni nadra. Ziendee ukiwa na kipimo cha unene. Pima kwanza sehemu ya uma iliyosimama wima, ambayo hailiki, kisha pima kisigino, pale inapokunja kwenda mbele. Kisigino kikiwa kimelika asilimia 10 ya unene, uma huo unatakiwa kuondolewa kazini, hata dalali akiutaja kuwa mzima.