Saratani Inayotii Dawa Mara ya Kwanza

Picha ya kwanza ya siti skani huonyesha uvimbe mkubwa katikati ya kifua, karibu na mirija mikuu ya hewa. Baada ya mizunguko miwili ya dawa, picha ya pili huonyesha uvimbe umesinyaa, pengine hauonekani kabisa. Mgonjwa anakula, anapanda ngazi, na ndugu wanapigiana simu. Kwa saratani nyingi hizo ni habari njema tu. Kwa saratani ya mapafu ya seli ndogo, ni habari njema zinazohitaji maelezo marefu, na maelezo hayo mara nyingi hayatolewi.

Aina hii ni takriban asilimia 15 ya saratani zote za mapafu, na zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kumi wamewahi kuvuta sigara. Ndani ya seli zake, jeni mbili zinazofanya kazi ya breki, TP53 na RB1, karibu kila mara zimeharibika zote. Seli hizo hugawanyika bila kupumzika. Kasi hiyo ndiyo inayoua, na ndiyo pia inayoipa kemotherapi nafasi, kwa kuwa dawa hizo hushambulia seli zilizo katika kugawanyika. Seli zinazosalia ni chache, hazionekani kwenye picha yoyote, na ndizo hurudi baada ya miezi zikiwa hazijali tena dawa ileile.

Dalili zake huweza kupotosha. Uvimbe huweza kutengeneza homoni zisizo kazi yake: sodiamu hushuka kwenye damu, mgonjwa anaanza kuchanganyikiwa, na nyumbani watu wanaulizana ni nani aliyemroga. Mwingine hulegea mapaja, au huvimba uso kwa sababu mshipa mkuu wa damu umebanwa. Anayekuja na kikohozi na kukonda hupimwa kwanza kifua kikuu, na hapa Afrika Mashariki hilo ni jambo la busara. Kinachogharimu ni kuendelea na vidonge vya kifua kikuu miezi kadhaa wakati makohozi hayana vimelea na hali inazidi kuharibika. Theluthi mbili ya wagonjwa hugunduliwa saratani ikiwa tayari imefika kwenye ini, mifupa, ubongo au upande wa pili wa kifua.

Kwa hiyo madaktari hugawa ugonjwa huu kwa namna rahisi: ama uko upande mmoja wa kifua, mahali ambapo mionzi inaweza kuufunika wote, ama umeshasambaa. Upasuaji hauna nafasi kubwa. Miaka ya 1960 Waingereza waliwagawa wagonjwa 144 makundi mawili, moja lipasuliwe na lingine lipewe mionzi. Miaka mitano baadaye, katika kundi la upasuaji alikuwa hai mtu mmoja tu, naye hakuwa amepasuliwa; alipata mionzi. Leo kisu hubakizwa kwa wachache ambao uvimbe wao ni mdogo na haujagusa tezi za limfu.

Nguzo ya tiba tangu miaka ya 1980 ni etoposide pamoja na cisplatin au carboplatin, dawa za zamani zilizomo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ugonjwa ukiwa bado upande mmoja, mionzi huongezwa mapema. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba mionzi mara mbili kwa siku kwa wiki tatu iliwafikisha asilimia 26 ya wagonjwa mwaka wa tano, dhidi ya asilimia 16 ya waliopata mara moja kwa siku. Ubongo nao huweza kupewa mionzi kabla saratani haijaonekana huko, ingawa kumbukumbu inaweza kulipia gharama. Kwa ugonjwa uliosambaa, utafiti wa Japani wa mwaka 2017 uliwapa madaktari wengi sababu ya kufuatilia ubongo kwa picha badala yake.

Mwaka 2018 dawa ya kuamsha kinga ya mwili, atezolizumab, iliongezwa kwenye kemotherapi: nusu ya wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imesambaa waliishi zaidi ya miezi 12.3, badala ya 10.3. Miezi miwili ilishangiliwa, jambo linaloeleza vizuri miaka thelathini iliyotangulia. Mwaka 2024 matokeo ya durvalumab kwa ugonjwa wa upande mmoja yalikuwa makubwa zaidi: miezi 55.9 badala ya 33.4. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha tarlatamab, inayoshika seli ya saratani kwa mkono mmoja na askari wa kinga kwa mwingine, kwa waliorudiwa na ugonjwa. Bei za dawa hizi hazikupangwa kwa kumfikiria mtu anayeuza ng'ombe ili alipie siti skani.

Kwa hiyo siku ya picha ya pili, ile ya furaha, ndiyo siku ya kumuuliza daktari: ubongo umepigwa picha? Mionzi inafuata lini? Picha ijayo ni lini? Ugonjwa ukirudi tutafanya nini? Sigara nayo iachwe hata sasa. Waliougua na wakaacha huishi muda mrefu zaidi kuliko wanaoendelea, ingawa swali la "kuna faida gani tena" husikika kila wodi.

Na tiba shufaa isingoje dawa nyingine zishindwe. Morfini ya maji hupunguza maumivu na pia ile hali ya kukosa pumzi. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993, imeonyesha kwamba morfini hiyo inaweza kuchanganywa kutokana na unga kwa gharama ndogo, na tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika.