Nilimnunulia Mjomba darubini ya kimjini, nusura tuzike mtu

Msomaji, umeshawahi kutumwa kitu usichokijua, halafu kwa kuogopa kuonekana mshamba ukajifanya unakijua? Kama bado, tulia nikupe mkasa wangu wa Kwamndolwa, maana ulianza kama utani na nusura uishie kwenye matanga.

Mjomba wangu ana shamba lake la mahindi Kwamndolwa, pale Korogwe, mkoani Tanga. Ana pia bunduki moja ndogo, rifle ya .22 aina ya BRNO, iliyotengenezwa Czechoslovakia, nchi ambayo yenyewe ilishagawanyika tangu 1993 lakini bunduki yake bado inadunda. Leseni ipo, anaitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za shamba. Kazi ya bunduki ni moja: msimu wa kupanda ukifika kanga hushuka makundi kwa makundi, wanafukua mbegu mistari mizima. Mzee anachukua kibali chake cha kuwinda ndege, anapunguza wawili watatu, wengine wanatia akili.

Tatizo ni macho. Ukishavuka miaka hamsini na kitu, jicho linakuwa bishi. Kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na kanga mwenyewe viko umbali tofauti, na jicho la mzee haliwezi kuviona vyote sawasawa kwa mpigo. Darubini inavileta vyote pamoja. Ndiyo maana akanipigia simu.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nitafutie darubini ya bunduki huko Dar. Nzuri."

Hilo neno "nzuri" ndilo lililoniponza.

Kwa akili yangu ya kimjini, nzuri maana yake kubwa. Nikazunguka Kariakoo, jamaa mmoja akanitolea dude limeandikwa 6-24x50, jeusi tii, lina taa nyekundu na kijani ndani. Akaniambia, "Braza, hii unamuona mtu mpaka kope." Laki mbili na nusu ikanitoka. Nikadandia basi pale Mbezi Luis, Chalinze, Segera, hadi Korogwe, njia nzima nimeipakata kama mtoto mchanga.

Nilipofika, kasheshe la kwanza likawa pale pale barazani. Vishikizo vya lile dude vilikuwa vya reli pana, ile ya milimita 21 hivi. BRNO ya Mjomba ina mifereji miwili myembamba juu ya chuma chake, upana wa milimita 11 tu, kama bunduki nyingi za .22. Haviingii hata ukivibembeleza! Tukaazima vingine kwa jirani, vifupi. Kioo cha mbele kikagusa mtutu. Halafu ile bolti ya BRNO ukiivuta inanyanyuka wima kabisa, ikawa inagonga mkia wa darubini. Tukapachika karatasi, tukakaza, tukalegeza. Mwisho ikakaa upande kidogo kama kofia ya mlevi. Mjomba hakusema kitu. Wazee wa Kizigua wana adabu zao, akakung'uta mkono, akasema, "Asubuhi tutaona."

Asubuhi tukaona.

Kundi la kanga lilikuwa kama mita hamsini, kando ya njia inayopita shambani. Mjomba akalala chini, akaweka jicho. Nikamsikia ananong'ona, "Naona manyoya tu." Kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu, nikamwambia apunguze ukubwa. Akazungusha, akatulia, kidole kikaanza kusogea. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na macho yangu makavu, na kwa bahati tu nikainua uso. Nyuma ya kanga wale wa manyoya ilikuwa inakuja kanga nyingine, ya kitambaa, nyekundu, na ndani yake binti wa jirani na ndoo ya maji kichwani.

Sikusema neno, nilipiga ukelele. Kanga wakaruka, binti akamwaga maji, Mjomba akatoa kidole na kuifungua bunduki. Tulikaa pale chini muda mrefu. Mimi miguu ilikuwa haina habari.

Mjomba hakuwa mzembe. Ameshika bunduki miaka mingi kuliko umri wangu. Kilichomtokea ni hesabu tu, na hesabu hiyo nilikuja kufundishwa jioni na mzee mmoja wa pale mtaani, mstaafu wa idara ya wanyamapori, ambaye alicheka kwanza ndipo akafundisha.

Namba ya kwanza kwenye darubini, alisema, ni mara ngapi inakuza. Ya mwisho ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Kadiri unavyokuza ndivyo unavyoona eneo dogo. Darubini ya kukuza mara 4 inakuonyesha upana wa mita tisa au kumi hivi ukiangalia mita mia, yaani karibu mita tano kwa umbali wa mita hamsini. Ile yangu ikifunguliwa yote, mara 24, kwa mita hamsini unaona upana usiofika hata wa mlango! Na hata ukiishusha mpaka mwisho bado ni mara 6. Binti angekuwa hatua mbili pembeni mwa kile kiduara, kwa Mjomba hayupo duniani.

Na usidanganywe na udogo wa risasi ya .22. Ni kweli ina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, lakini ikikosa inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na kwa kuwa ni ya risasi laini isiyo na mbio sana, ikigonga jiwe au ardhi ngumu inadunda na kwenda inakotaka yenyewe.

Nikamuuliza, sasa hii yenye kioo kikubwa si inaona vizuri alfajiri? Mzee akaniomba nigawe 50 kwa 24. Nikapata mbili na kidogo. Akaniambia nigawe 32 kwa 4. Nane. Hiyo, akasema, ndiyo milimita ya mwanga inayotoka kuingia kwenye jicho. Mboni ya mtu mzima kwenye kiza hufunguka kama milimita tano hivi, ya kijana labda saba. Kwa hiyo kadarubini kadogo ka 4x32 kanalijaza jicho la Mjomba mwanga mpaka unamwagika, na lile dude langu likikuzwa lote linampa giza. Nilijisikia vibaya, nawaambia ukweli. Laki mbili na nusu! Isitoshe, sheria yetu ya wanyamapori ya 2009 hairuhusu kuwinda usiku wala kwa kumulika taa, sasa huo mwanga wa ziada na hizo taa za disko ni za nini?

Kisha akaleta jambo ambalo muuzaji wangu, nina hakika, hajawahi hata kulisikia. Wataalamu wanaliita paralaksi. Weka bunduki tupu juu ya mfuko wa mchanga, lenga alama iliyo mita hamsini, halafu bila kuigusa sogeza kichwa kidogo kushoto na kulia. Kama ule msalaba wa ndani unatembea juu ya alama, darubini haijatengenezewa umbali huo. Za bunduki kubwa huwa zimewekwa sawa kwa yadi 100 au zaidi. Za .22 huwekwa kwa yadi 50 au 60, kwa sababu ndipo kazi yake ilipo. Yangu msalaba ulikuwa unatembea kama mlevi wa sikukuu. Kwa kichwa cha kanga, ambacho ni kama yai, huko ni kukosa, au vibaya zaidi, kujeruhi ndege akaenda kufia kichakani.

Zipo zenye pete ya kurekebisha hilo, na ni nzuri kama mfuko unaruhusu. Zipo pia za kubadilika, 2-7x32 kwa mfano, na kwa mtu anayelenga makaratasi kwenye uwanja wa shabaha hata 3-9x40 si mbaya. Lakini kwa mzee wa shambani, mara 4 isiyobadilika inatosha. Haina vitu vingi vya kuharibika.

Kuhusu hali ya hewa mzee alisisitiza mpaka akapiga meza. Korogwe ni joto na unyevu. Darubini isiyofungwa vizuri inapata ukungu ndani, na ukishaota kwenye lenzi ndiyo basi. Tafuta iliyojazwa gesi ya nitrojeni na kuandikwa haipitishi maji. Na usiihifadhi kwenye mfuko wa ngozi. Ngozi inashika unyevu. Iache mahali pakavu penye kufungwa na kufuli pamoja na bunduki yenyewe, na tia pembeni vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Watu wa mjini tunavitupa, kumbe mali.

Safari ya pili sikwenda kwa washkaji. Tulikwenda duka lenye kibali cha silaha, Mjomba na leseni yake mkononi, na kabla ya hapo aliuliza polisi. Hiyo sheria ya silaha ya 2015, iliyofuta ya 1991, si ya kuchezea, kwa hiyo na wewe uliza kwanza. Tukatoka na 4x32, bomba la inchi moja, vishikizo vya milimita 11 vyenye kimo cha kutosha bolti ipite. Bei? Chini ya nusu ya ile ya kwanza. Nilimeza mate.

Kuiseti tulikwenda kwenye shimo la zamani la kufyatulia matofali, lenye ukuta mrefu wa udongo, baada ya kumwarifu mwenyekiti wa mtaa. Tulianza na karatasi kubwa mita 25, kisha 50. Risasi tatu, angalia kundi limekaa wapi, geuza vitufe, rudia. Kwa vitufe vya kawaida kila mlio mmoja ni kama milimita tatu na nusu kwa mita hamsini, kwa hiyo milio mitatu ni sentimita moja. Tumia aina moja ya risasi, maana ukibadilisha kampuni kundi linahama. Na ukishaiweka sawa kwa mita hamsini, usijidanganye na mita mia: huko risasi inashuka sentimita 15 hadi 20. Mjomba alipoona hivyo akajiwekea mpaka wake. Kanga akivuka mita sitini, ana bahati yake.

Kitu kingine tulichonunua, na hiki ndicho ninachokipenda zaidi, ni darubini ya kawaida ya mkononi, ya macho mawili. Mjomba sasa anaangalia shamba zima kwanza kwa hiyo, njia yote, huku bunduki iko chini haina risasi. Kuchungulia watu kwa darubini ya bunduki ni kuwaelekezea mtutu, hata kama nia yako ni kumjua anayepita tu. Na kila asubuhi kabla ya kutoka anapita kwa jirani kuuliza nani ameenda kisimani. Yule binti ananitania mpaka leo. Akiniona anavua kanga yake mabegani na kuipunga juu kama bendera.

Lile dude la 6-24x50 bado liko chini ya kitanda changu Tabata. Mwenye kutaka la kuangalizia mwezi aje, bei tutaelewana.