AFYA YA AKILI YA VIJANA: WAJIBU WA SHULE NA CHAMA

Kijana mwenye malaria hupelekwa zahanati siku hiyo hiyo. Lakini kijana asiyelala wala kula vizuri, anayejitenga na wenzake na kurudi nyuma ghafla katika masomo, mara nyingi huitwa mvivu, na dawa yake huwa fimbo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 18.

Wengi hudhani kwamba kazi hii ni ya mabingwa peke yao. Taasisi ya Shamiri ya Kenya imeonyesha kuwa sivyo. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021, wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au za wasiwasi, waligawanywa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikutana katika vikundi vidogo, saa moja kwa juma, kwa majuma 4, likazungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo ayathaminiyo maishani. Fungu la pili lilifundishwa mbinu za kusoma. Viongozi wa vikundi hawakuwa waganga, bali vijana waliomaliza sekondari karibuni na kupewa mafunzo mafupi. Dalili zilipungua zaidi katika fungu la kwanza, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi 7 baadaye. Kijana husema kwa urahisi mbele ya aliyemzidi umri kidogo tu, na mazungumzo yasiyoitwa matibabu hayamtii aibu.

Msingi wa saba wa ushirika, uliopitishwa mwaka 1995, ni kujali jamii. Kwa hiyo vyama vya msingi vinaweza kufanya yafuatayo:

1. Kukubaliana na mwalimu mkuu juu ya siku na mahali pa vikundi vya mazungumzo.

2. Kutenga sehemu ya fungu la elimu kwa ajili ya mafunzo ya viongozi wa vikundi, yatolewayo na wataalamu wa afya.

3. Kuwaeleza wazazi dalili za hatari. Kijana anayesema amechoka kuishi asikemewe wala kuachwa peke yake. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpi wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kama apelekwavyo mwenye malaria.

Makatibu waliweke jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao wa wanachama.