Mto wa Tana Una Kosa Gani?

Safari ya gari kutoka Mombasa hadi Lamu ni ya kuvuka maji. Pale Kilifi, daraja lililochukua mahali pa feri mwaka wa 1991 lilinionyesha hori la bahari likimetameta chini kabisa. Kupita Malindi nikavuka Sabaki, mwekundu kwa udongo wa bara. Lakini uzuri hasa (walimu wa jiografia na wanisikie!) umo katika vinamasi vya Tana karibu na Garsen, ambako Wapokomo hulima mpunga na Waorma hulisha ng'ombe kiangazini. Mafuriko ya 2023 yalipoikata barabara hiyo, niliwasikia abiria wakiulaani mto. Mto ulikuwapo kabla ya lami! Wahandisi waliinue tuta na kuongeza madaraja, maji yapite kwenda mashambani na malishoni.