Michezo Yafungua Vinywa Darasani Korea

Katika shule za kati za Korea ya Kusini, ambako watoto wa miaka 12 hadi 15 husoma kwa miaka mitatu, Kiingereza ni somo la lazima. Hata hivyo, mwanafunzi hodari wa mtihani wa maandishi aweza kuwa bubu mbele ya mgeni, kwa kuogopa kuchekwa na wenzake. Ndiyo sababu baadhi ya walimu hutumia michezo.

Mmoja wapo sisi askari tutautambua mara moja. Wanafunzi hupangwa safu. Wa mbele hunong'onezwa sentensi, naye humnong'oneza wa nyuma yake, hata wa mwisho akimbilie ubaoni kuiandika. Kikorea kina herufi moja tu kwa "l" na "r", jambo ambalo baadhi yetu kambini hatuna haki ya kulicheka. Basi kwa Kiingereza, wali ulioondoka mbele waweza kufika nyuma ukiwa chawa, kama amri iliyopita midomo mingi. Darasa lote huangua kicheko, wala haaibiki mmoja, kwani kosa ni la safu nzima.

Safu ya kuanza huamuliwa kwa "kawi, bawi, bo", yaani mkasi, jiwe na kitambaa, kwa ishara za mkono. Mwanafunzi mwoga, kwa maoni yetu, heri awekwe katikati.