Je, Ni Majani Yaliyomponya? Jinsi Dawa za Mitishamba za Ini Zinavyopimwa

Leo nazungumza na akina mama na walezi wote kuhusu ugonjwa wa ini, na mitishamba ambayo wengi wetu huitumia nyumbani kuutibu.

Macho ya mtoto yakigeuka manjano, na mkojo wake ukawa mweusi kama chai isiyo na maziwa, jirani hakosi ushauri. Atakuambia, "Dada, kuna majani fulani. Chemsha, mpe kikombe asubuhi na jioni. Wangu alipona kwa wiki tatu." Jirani huyu hakudanganyi. Mtoto wake alipona kweli. Lakini je, ni majani yaliyomponya?

Kwanza tujue kwamba umanjano wenyewe si ugonjwa. Ni dalili, na mara nyingi hutuonyesha kwamba ini lina shida. Mambo yanayouleta ni mengi. Hepatitisi A hutokana na maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Watoto wengi wenye ugonjwa huu hupona wenyewe baada ya majuma machache, hata wasipopewa dawa yoyote. Hepatitisi B ni tofauti. Huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto wakati wa kujifungua. Virusi vyake vinaweza kukaa mwilini miaka mingi vikiharibu ini polepole. Malaria kali pia huweza kuleta umanjano. Na mwaka wa 2004, hasa katika Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa sababu ya mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo hushambulia ini.

Sasa unaona ugumu, mama. Mtoto mwenye Hepatitisi A akinywa majani yale, atapona na majani yatasifiwa kijiji kizima. Mtoto aliyekula mahindi yenye sumu akinywa majani yayo hayo, anaweza kufariki huku tukingoja yafanye kazi.

Je, wataalamu hupimaje dawa kama hii? Kwanza huhakikisha ni mmea gani hasa, maana majani mengi hufanana. Kisha huuchunguza katika maabara na kwa wanyama, ili kujua kama una sumu na kipimo gani ni salama. Baadaye hutafuta wagonjwa wanaokubali kwa hiari yao, na kuwagawanya mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja hupewa dawa. Fungu la pili hupewa kidonge kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani. Mgonjwa hajui amepewa kipi, wala anayempima hajui. Mwishowe hali ya wote hupimwa, hata damu yao. Waliopewa dawa wakipona kwa wingi zaidi, hapo tuna sababu ya kuamini.

Tuchukue mfano wa kweli. Huko India kuna kimmea kiitwacho Phyllanthus amarus, kinachotumiwa tangu zamani kutibu umanjano. Mwaka wa 1988 madaktari wa Madras, mji ambao leo huitwa Chennai, walitangaza matokeo ya kuwajaribu watu wenye virusi vya Hepatitisi B. Kati ya watu 37 waliopewa mmea huo kwa siku 30, 22 hawakuonekana tena na alama ya virusi katika damu. Kati ya 23 waliopewa kidonge kisicho na dawa, ni mmoja tu. Wengi walifurahi. Lakini jaribio moja halitoshi. Watafiti wa Thailand walipojaribu pia, matokeo yao ya mwaka wa 1990 hayakuonyesha kuwa mmea uliondoa virusi. Mwaka wa 2011 wataalamu waliochambua majaribio kadhaa walisema hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba mimea ya jamii hiyo inakishinda kidonge kisicho na dawa.

Hii haina maana kwamba mitishamba yote ni bure. Dawa ya malaria ya ALU ina kiungo kilichotokana na mmea wa Artemisia wa huko China. Nayo ilipimwa kwanza. Hapa kwetu, taasisi ya KEMRI ina wataalamu wanaochunguza dawa za kienyeji.

Kumbuka pia kwamba ini ndilo linalochuja sumu tunayomeza, na mimea mingine huliumiza. Komfri, mmea wenye majani mapana yenye vinyweleo, ambao watu wengine hupika chai yake, una sumu inayoweza kuharibu ini.

Basi, mama, ufanye nini?

- Ukiona umanjano, mpeleke mgonjwa kituo cha afya apimwe damu. Usingoje majani yafanye kazi.
- Mtoto mchanga akiwa manjano siku ya kwanza, au manjano ikifika viganja na nyayo, au choo chake kikiwa cheupe, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimpe mitishamba.
- Kama umeshampa mgonjwa mitishamba, mwambie daktari bila kuona haya. Beba na majani yenyewe. Yatamsaidia kujua la kufanya.
- Hakikisha mtoto amepata chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Ndani yake mna kinga ya Hepatitisi B.
- Anika mahindi yakauke vizuri, na usipike yaliyoota kuvu.

Jirani akikuletea majani, mshukuru kwa moyo wake mwema, kisha mwombe akusindikize kliniki.